Goti la Nyarero Halina Mradi

Malaria ina vyandarua vyake. Virusi vya Ukimwi vina kliniki, kadi na siku ya kuchukua dawa. Kifua kikuu kina vidonge vya bure na mhudumu wa jamii anayepita nyumbani kuhakikisha umevimeza. Mtoto mchanga ana chanjo, mjamzito ana kadi yake. Goti halina mradi. Mgongo wa mkulima haujawahi kuletewa gari lenye nembo ubavuni, wala kuitishiwa mkutano wa kijiji.

Ndiyo maana anayetaka kujua watu wa Nyarero, kule nyanda za juu za Tarime, wanajitibu vipi maumivu, asianzie zahanati. Aanze na mama wa miaka sitini na ushee aliyeshika jembe la mkono tangu utotoni, aliyepanda na kushuka vilima na ndoo ya maji kichwani, aliyepalilia ulezi akiwa ameinama kutwa nzima. Alfajiri ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshika, mama huyo anakaa ukingoni mwa kitanda na kuyasugua magoti kwa viganja, moja baada ya jingine, mpaka yakubali kunyooka. Kisha anajishika ukutani na kusimama. Jikoni kuna sufuria ya mizizi iliyochemshwa jana yake ikafunikwa sinia. Maji yamekuwa ya kahawia, machungu, na yanakausha ulimi. Anakunywa kikombe, anasubiri mwili upate moto, anaenda shambani.

Wapo wasomi wanaomwita mama huyu mjinga. Sikubaliani nao hata kidogo. Ameshafika zahanati, akapewa panado za siku tatu, siku ya nne goti likarudi palepale. Duka la dawa muhimu limemuuzia diklofenaki, ikamsaidia wiki moja, ikamchoma tumbo. Mizizi inapatikana, bei yake anaimudu, na aliyempa ni mtu anayemjua kwa jina na kwa ukoo. Katika hali hiyo, kurudi kwenye mizizi ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu.

Lakini sikubaliani pia na wale wanaomwambia kwamba kwa kuwa dawa hiyo imetoka msituni, haina madhara. Hawa wanajiona ndio watetezi wa tiba asili, na mimi nawaona kuwa ndio wanaoidharau. Dawa unayoiheshimu unaiuliza maswali. Imetoka kwenye mti gani, na sehemu gani ya mti? Mtu mzima anakunywa kiasi gani, na mzee mwenye figo dhaifu anakunywa kiasi gani? Kwa siku ngapi? Akizidisha anapatwa na nini? Maswali haya tunayauliza kwa panado. Kuacha kuyauliza kwa mzizi ni kuuweka mzizi chini ya panado.

Aspirini yenyewe ilianzia kwenye gome la mti. Mwaka 1763 mchungaji mmoja wa Kiingereza, Edward Stone, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London kuhusu gome la mwilo ambalo alikuwa amelitafuna akaona ladha yake ni chungu. Alilikausha kwa miezi kadhaa juu ya tanuri la mwoka mikate, akalisaga, akawapa watu wapatao hamsini waliokuwa na homa za kupanda na kushuka. Kilichonifurahisha kwa mchungaji huyo ni mizani yake. Alianza na kiasi kidogo sana, akaongeza taratibu huku akiangalia mgonjwa anapatwa na nini, na akaandika alichokiona. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1897, Felix Hoffmann wa kiwanda cha Bayer nchini Ujerumani alitengeneza aspirini safi kutokana na jamii hiyohiyo ya kemikali. Hata hivyo hakuna aliyejua inavyofanya kazi mwilini mpaka mwaka 1971, pale John Vane alipoonyesha kwamba aspirini inauzuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazofanya sehemu iliyoumia ivimbe, iwe nyekundu, ipate joto na iume. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Ugunduzi wa Vane una upande wa pili ambao ningependa kila anayechemsha mizizi na kila anayeuza vidonge aujue. Prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na tindikali, na ndizo zinazosaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ukizizima kwenye goti, umezizima na tumboni na kwenye figo. Ndiyo sababu mtu anayemeza diklofenaki kila siku anaweza kuishia na vidonda vya tumbo, na mzee mwenye shinikizo la damu anaweza kuharibu figo zake bila kusikia lolote mpaka miguu ianze kuvimba. Basi kama mzizi fulani wa Nyarero kweli unashusha uvimbe kwa njia hiyo, unaweza pia kuumiza kwa njia hiyo. Nguvu ya kutibu na nguvu ya kudhuru zinatoka sehemu moja. Anayesema dawa yake ni kali na papo hapo anaapa kwamba haiwezi kumdhuru mtu, moja kati ya maneno yake mawili si kweli.

Wabelgiji walilijua hilo kwa machungu. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walitangaza kwamba wanawake waliokuwa wakitumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene walikuwa wameharibikiwa figo. Chanzo kilikuwa mmea wa jamii ya Aristolochia uliochanganywa humo. Baadhi yao waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kuwekewa figo za watu wengine, na baadaye ikaonekana kwamba sumu hiyo huleta pia saratani ya njia ya mkojo. Ulikuwa mmea wa asili kabisa, haukutoka kiwandani.

Siku hizi, hata hivyo, hofu yangu kubwa haiko kwenye sufuria ya yule mama. Iko mnadani. Kila mwenda mnada wa kanda hii anaijua sauti ile: kipaza sauti juu ya turubai, chupa za soda zilizooshwa na kujazwa maji meusi, unga kwenye vifuko vya plastiki visivyo na jina, na orodha isiyokatika ya mgongo, kiuno, magoti, ganzi, miguu kuwaka moto, nguvu za kiume, presha, kisukari na chango la uzazi. Dawa moja kwa yote. Muuzaji hamshiki mtu goti. Haulizi limeanza lini, haulizi kama kuna homa, haulizi mteja anatumia dawa gani nyingine. Anapokea hela na kuita mwingine.

Na hapo lipo jambo ambalo wataalamu wa dawa duniani kote wanalijua. Unga au kidonge kinachoitwa cha mitishamba, kinachomwinua mgonjwa wa viungo ndani ya siku moja au mbili, mara kwa mara kimekutwa kimechanganywa na dawa za hospitali kwa siri. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya onyo kuhusu vidonge viitwavyo Artri King, vilivyouzwa kama tiba ya asili ya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na kwenye lebo haikuandikwa hata moja.

Deksamethasoni ni dawa nzuri mikononi mwa daktari, lakini ikifichwa ndani ya unga usio na jina inakuwa hatari kwelikweli. Inazima uvimbe upesi, mgonjwa anahisi amezaliwa upya, anarudi kununua. Baada ya miezi uso unamjaa na kuwa mviringo, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, kinga inashuka, na kifua kikuu kilicholala kinaamka. Kibaya zaidi, tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zinaacha kazi kwa kuwa zinaletewa kutoka nje. Mgonjwa akiacha unga wake ghafla anaweza kuanguka na kufa, na ndugu watasema amerogwa. Kwa hiyo ninawaomba wauguzi na wahudumu wa maduka ya dawa: mgonjwa wa magoti akifika na uso uliovimba mviringo, mwulizeni kwa upole anatumia unga gani, na msimwambie auache siku hiyohiyo. Mpelekeni kwa daktari ampunguzie kidogokidogo.

Ziko tiba za asili ambazo ningempa mama yangu mzazi bila wasiwasi. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, kikawekwa juu ya goti lililokakamaa, ni tiba, na wataalamu wa viungo wanaitumia. Kukanda kwa mafuta ni tiba pia, mradi goti lenyewe halijavimba kwa moto na halina jeraha. Pilipili nayo ina hoja yake. Ile kemikali inayouwasha ulimi, kapsaisini, ndiyo iliyomwongoza David Julius wa California kuugundua mlango kwenye mishipa ya fahamu unaopokea joto na maumivu, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ikipakwa kwenye ngozi mara nyingi, mishipa ile inachoka kupeleka habari ya maumivu. Kwa sababu hiyo krimu za kapsaisini zinauzwa hospitalini kwa ajili ya viungo na mishipa. Ila pilipili kichaa iliyopondwa ikabandikwa usiku kucha inababua ngozi, na mkono ulioishika ukigusa jicho, utajuta.

Tangawizi imejaribiwa kwa wagonjwa wa magoti na kuonyesha nafuu ndogo. Manjano pia, ingawa mwili unaifyonza kwa shida. Nafuu ndogo si haba kwa mtu anayeumwa kila siku, lakini anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda asizitumie kwa wingi bila kumwambia daktari wake. Kwa majirani zetu Wamaasai, supu ya mifupa iliyochemshwa na magome ya oloisuki au ya ule mgunga wanaouita olkiloriti ni kitu cha kila siku, na wazee wanaisifu kwa viungo. Siwezi kubishana na supu hiyo. Ninachotaka ni mtu aipime.

Na tiba iliyo bora kuliko zote kwa goti lililochakaa, inayosemwa kwa sauti ndogo kwa kuwa hakuna anayepata faida akiiuza, ni kuiimarisha misuli ya paja. Mama akae kwenye kiti, anyooshe mguu mpaka uwe sawa, ahesabu hadi kumi, ashushe, arudie kwa mguu wa pili, asubuhi na jioni kwa wiki nyingi. Mwanzoni inauma, kisha inapunguza maumivu. Hospitali za Ulaya zinawalipa wataalamu kuwafundisha wazee zoezi hilo. Nyarero muuguzi mmoja angeweza kulifundisha chini ya mti siku ya kliniki.

Turudi kwenye maswali. Wanaodhani kuhoji dawa ni tabia ya kizungu wawatazame Wakisii, walio ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mwendo mfupi kutoka kwetu, ndugu zetu kwa lugha. Walikuwa na mabingwa waitwao ababari waliopasua vichwa. Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka akabaki na maumivu ya kichwa yasiyoisha alikwenda kwao. Ngozi ya kichwa ilichanwa, fuvu likakwanguliwa polepole kwa kisu kilichopinda mpaka mfupa uliopasuka ukaondoka, na bingwa alijua mahali pa kusimama ili asiutoboe utando unaofunika ubongo. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Kanada aliyefanya kazi Hospitali ya Mathari mjini Nairobi katika miaka ya 1950, aliandika habari zao kwa kina, akiwemo mgonjwa aliyekwisha kuondolewa sehemu kubwa ya juu ya fuvu kwa operesheni nyingi na bado akawa hai. Mwaka 1985 madaktari wengine wakachapisha uchunguzi wao kuhusu mabingwa haohao katika jarida la upasuaji.

Simwambii mtu aende kukwanguliwa fuvu. Hatari yake ilikuwa kubwa na leo tuna hospitali. Ninachokiona kwa ababari ni nidhamu. Kazi yao ilianza na historia ya mgonjwa: ulipigwa wapi, lini, na nini? Walipapasa, wakatafuta ufa. Mkono wao ulikuwa na mpaka. Kazi ilifundishwa kutoka kwa mjuzi kwenda kwa mwanafunzi kwa miaka. Yule wa kipaza sauti mnadani hana hata kimoja kati ya hivyo, halafu anajiita mrithi wa mababu.

Swali la kwanza la mganga yeyote, wa jadi au wa koti jeupe, linapaswa kuwa hili: maumivu haya yametoka wapi? Mara nyingi huku kwetu ng'ombe ndiye mwenye jibu. Mkurya na ng'ombe hawatengani, na kandokando ya Serengeti mifugo inachungwa karibu na wanyamapori. Ng'ombe anayetupa mimba anaweza kuwa na bruselosi. Anayemzalisha kwa mikono mitupu, anayeshika kondo la nyuma, anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, anaweza kuupata ugonjwa huo. Kwa binadamu unakuja kama homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu makali ya kiuno, nyonga na magoti. Unafanana na malaria, unafanana na baridi yabisi, unafanana na uzee. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa waliolazwa Moshi na kuchapishwa mwaka 2012 uliwakuta watu wenye bruselosi ambao madaktari wenyewe hawakuwa wameifikiria.

Mtu huyo akipewa mizizi atapata nafuu. Akipewa diklofenaki atapata nafuu. Bakteria watabaki ndani, na wanaweza kula uti wa mgongo, kuvimbisha korodani, hata kufika kwenye moyo. Anahitaji antibayotiki mbili kwa pamoja kwa wiki sita hivi, na anahitaji kuambiwa achemshe maziwa. Nafuu katika hali hii ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu inamfanya mtu asitafute chanzo.

Mtoto naye ana habari yake. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 wanazaliwa Tanzania kila mwaka wakiwa na selimundu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja anavimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku, anapakwa mafuta na kufungwa majani. Akivuka miaka mitano anasema mifupa inamuuma wakati wa baridi. Kipimo cha damu kingelimaliza swali, na dawa ya haidroksiyurea ingempunguzia maumivu na kumwongezea maisha. Mwingine wa miaka kumi anaumwa goti, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mguu, wiki chache baada ya koo kuuma. Hiyo yaweza kuwa homa ya baridi yabisi, na inapoondoka kwenye viungo inaweza kuacha moyo umeharibika. Penisilini ndiyo inayoulinda moyo huo. Hakuna gome linaloweza kufanya kazi hiyo.

Kwa wanaume wapenda nyama na pombe kuna gauti, inayokamata kidole gumba cha mguu usiku wa manane. Kwa wenye miguu inayowaka moto, pimeni sukari. Kwa maumivu ya mgongo yenye homa, kukonda na jasho la usiku, pimeni kifua kikuu cha mifupa. Haya hayahitaji mashine za Dar es Salaam. Mengi yanaanza na muuguzi anayesikiliza.

Kusikiliza huko kuna kikwazo chake hapa kwetu, nacho ni mila ya kutolia. Kijana wa Kikurya anaingia saro, yaani tohara, akiwa amesimama, kisu kinapita, na jicho lake halipepesi. Mura, kijana wa kiume, halii. Wasichana nao wamedaiwa ujasiri huohuo kwenye ukeketaji, ambao sheria inaukataza kwa walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, nami nauona kuwa ukatili usio na utetezi. Sitaki kuwavunjia heshima watu waliojifunza kustahimili. Lakini ustahimilivu uliofunzwa ukiwa na miaka kumi na minne haumsaidii mzee wa miaka sabini mwenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Anakaa kimya, familia inasifu ukimya wake, na anafika hospitali akiwa hawezi tena kukaa.

Kwa mzee huyo dunia ina dawa, na dawa hiyo imetoka kwenye mmea. Morfini ilitengwa na Mjerumani Friedrich Sertürner kutoka kwenye utomvu wa mpopi mwanzoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ndiyo nguzo ya kutuliza maumivu ya saratani. Jirani zetu Waganda walionyesha njia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilifanya morfini ya maji kuwa dawa ya kumezwa nyumbani, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika. Huku kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road inaitengeneza morfini ya maji. Kati ya chupa hiyo na kitanda cha mgonjwa aliyeko mlimani Tarime kuna safari ndefu ya vibali, daktari wa kuandika na nauli. Ningependa kuona bungeni swali moja tu kuhusu safari hiyo.

Siwezi kuzungumzia Tarime na mimea inayotuliza maumivu nikaruka bangi, kwa kuwa mashamba yake katika bonde la Mto Mara yamefyekwa na kuchomwa moto mara nyingi na vyombo vya dola. Kuna nchi zimeruhusu dawa zilizotokana na mmea huo kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na nafuu iliyoonekana kwenye tafiti ni ya wastani. Hapa sheria inaukataza, na mvutaji wa kijijini hajui anavuta kiasi gani cha nini. Sioni kwamba goti la mama yetu linangojea suluhisho kutoka huko.

Tulipata somo kubwa mwaka 2011. Mchungaji Ambilikile Mwasapile wa Samunge, Loliondo, aligawa kikombe cha dawa ya mti kwa Sh500, na nchi nzima ikafunga safari. Wengi wa Kanda ya Ziwa walipitia Mugumu wakavuka Serengeti. Makumi ya watu walifia kwenye foleni, wengine wakiwa wametolewa vitandani hospitalini. Ule mti, wa jamii ya Carissa, umetumika Afrika Mashariki kwa vizazi na ni wa kuheshimiwa. Lakini taifa lilimiminika kwenye kikombe kabla ya maswali kujibiwa, wakati ambapo tulikuwa tayari na Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la kusajili waganga na dawa zao.

Linganisha na mzizi wa jangwa la Kalahari ambao wanunuzi wa Ulaya wanauagiza kwa mamia ya tani kutoka Namibia, kwa ajili ya mgongo na viungo. Wasani, wenyeji wa jangwa hilo, waliujua zamani. Ulipofika Ulaya ulipimwa, kiambata chake kikajulikana, na majaribio kwa wagonjwa wa mgongo yakaonyesha kuwa miligramu 50 au 100 za kiambata hicho kwa siku zinapunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa. Sasa unauzwa ukiwa na lebo, kiasi na onyo kwa wenye vidonda vya tumbo. Hata uchimbaji una kanuni: anayechimba anachukua viazi vya pembeni, anauacha mzizi mama ardhini na kufukia shimo, ili mmea uote tena. Milima yetu ya Tarime imebaki na miti michache, na anayebandua gome kuzunguka shina lote anaua mti ambao mjukuu wake angeuhitaji. Gome lichukuliwe upande mmoja, kipande kidogo, na mti upumzishwe.

Kila tarehe 31 Agosti Afrika inaadhimisha Siku ya Tiba Asili, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2003. Hotuba za siku hiyo zimetosha. Mwaka huu Halmashauri ya Wilaya ya Tarime iwakalishe chini waganga wa tiba asili wa Nyarero na kata za jirani pamoja na wauguzi wa zahanati, kwa siku mbili. Waganga walete mizizi na magome wanayotumia kwa viungo, na kila kimoja kiandikwe jina la Kikurya, kikaushwe na kupelekwa Muhimbili kwa jina la aliyekileta, ili mapato yakipatikana yarudi kwake. Wauguzi nao wawaeleze waganga dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo: goti moja lililovimba ghafla lenye moto na homa, mgongo unaoambatana na miguu kufa ganzi au mkojo kutoka wenyewe, mtoto mwenye vidole vilivyovimba, mtu anayekonda. Hospitali ya wilaya iliyopo Nyamwaga iwe na kipimo cha bruselosi na dawa zake za wiki sita, na mganga atakayemwandikia mgonjwa barua ya rufaa, hata kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, apokelewe barua yake kwa heshima na ajibiwe.